Kava la urembo limekaa upande, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda hapa Morogoro, pikipiki ya cc 150. Nimenunua kava la urembo la kuvalisha juu ya kava la klachi, lile la kung'aa lenye matundu matatu ya bolti. Nikishakaza bolti mbili, ya tatu haipati tundu lake. Nikilazimisha, kava linapanda juu kwa mbele. Wenzangu kijiweni wanasema nipake silikoni nyuma likamatie hapo hapo. Ni sawa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kava lako huenda halina kasoro yoyote. Ukikaza bolti ya kwanza mpaka mwisho, kava limeshachagua mahali pa kukaa, na tundu la tatu halina tena pa kusogea. Fungua, uanze upya.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini ikiwa imepoa. Ingiza bolti zote tatu kwa vidole, mizunguko miwili mitatu tu, spana usiiguse. Kava likicheza kidogo pande zote, umefaulu. Bolti moja ikigoma, ndiyo imekuonyesha tundu lenye shida. Lipanue tundu hilo la kava kwa tupa ndogo ya duara, upande ule tu bolti inakoegemea, kidogo kidogo huku ukijaribisha. Tundu la injini usiliguse kabisa.

Kisha chuchumaa, macho yawe usawa wa injini, maana ukitazama umesimama kila kava linaonekana limepinda. Nafasi kati ya ukingo wa urembo na ukingo wa kava la klachi iwe moja pande zote. Kaza kwa zamu, robo mzunguko kila bolti, mpaka zote zishike.

Sasa nisikilize vizuri kwenye bolti. Hizo unazofungua ndizo zinazoshika kava la klachi, na nyuma yake kuna oili. Fungua hizo tatu tu za urembo, nyingine za kava la klachi usiziguse. Ukizitoa zote, gasketi, yaani karatasi ya kuziba oili, inaachia. Tena hazilingani urefu. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa matundu, kila bolti ichomeke pale pale ilipotoka.

Urembo wenye unene wa milimita 3 unakula milimita 3 za nyuzi, yaani ile mikato ya bolti inayong'ata tundu. Bolti ya milimita 6 kwenye aluminiamu inatakiwa ing'ate kama milimita 9. Kwa hiyo nunua bolti ndefu zaidi kwa unene wa urembo pamoja na washa yake, usizidishe. Ikizidi inagota mwisho wa tundu: spana inakuambia imekaza, kumbe kava bado linacheza. Ukiendelea kukaza, unakula nyuzi au unapasua injini. Chomeka kijiti kwenye tundu, weka alama, pima kabla hujaenda dukani. Kukaza kwenyewe ni karibu Nm 10 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani spana fupi namba 8 na nguvu ya kiganja, si ya bega.

Kama urembo wako ni wa plastiki iliyopakwa kromu, usiiache plastiki ibanwe na kichwa cha bolti ya injini. Ikipata joto inalainika, bolti inalegea na oili inaanza kuvuja. Tia bushi ya chuma, kile kibomba kifupi, ndani ya tundu la plastiki, bolti ikaze juu ya bushi. Bila bushi, mimi ningekushauri usilifunge kabisa.

Kabla hujaondoka, shusha kiki kwa mkono na ukanyage breki ya mguu, visiguse popote. Kifuniko cha oili kifunguke bila kutoa urembo, na mapezi ya silinda yabaki wazi, maana injini hiyo inapoozwa na upepo.

Silikoni hapana. Gasketi ikianza kuvuja, oili itajificha nyuma ya urembo na wewe utagundua wakati imeshapungua. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, acha injini ipoe, jaribu bolti tena, halafu pitisha kitambaa cheupe chini ya ukingo. Ukiona oili, toa urembo, rudishia bolti za zamani kila moja mahali pake, ushughulikie gasketi kwanza.