Maswali yenu kuhusu binari: saa za taa, bao, ramli na mishumaa

Nimeletewa saa ya taa tupu, haina mishale wala tarakimu. Ina safu sita. Naisomaje?

Binari ni kuandika namba kwa hali mbili tu, kuwaka na kuzima, kila nafasi ikiwa na thamani maradufu ya iliyotangulia. Safu mbili za kushoto ni saa, za katikati dakika, za kulia sekunde. Katika kila safu taa ya chini kabisa ni 1, inayofuata 2, kisha 4, na ya nne ikiwepo ni 8. Jumlisha zinazowaka. Safu nne za mwanzo zikitoa 1, 6, 3, 7, yaani 16:37, ni saa kumi na dakika 37 jioni. Lakini hiyo ni nusu binari, maana kila tarakimu imegeuzwa peke yake. Binari kamili ingetaka taa nne za saa na sita za dakika, basi. Saa kumi ni 8 na 2. Dakika 37 ni 32, 4 na 1. Ukijua kulehemu waya, jitengenezee hiyo, tena uipange kwa saa zetu, zinazoanzia saa moja asubuhi. Taa nne hufika 15, kwa hiyo saa kumi na mbili haikosi nafasi.

Kweli vidole kumi vinahesabu zaidi ya elfu?

Hadi 1023, ukijumlisha vidole vilivyonyooshwa. Gumba 1, shahada 2, cha kati 4, cha pete 8, cha mwisho 16. Mkono wa pili unaendelea na 32. Ila ukifika 4 unabaki na kidole cha kati peke yake, usimwelekezee mtu.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Si ushahidi kwamba wazee walitumia binari?

Hapana, na naomba swali hili lisirudi tena. Namba 32 na 64 hupatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili tena na tena, lakini hiyo pekee si binari. Binari ni nafasi: alama ile ile ikihama, thamani yake hubadilika. Shimo la pili la bao halina thamani maradufu ya la kwanza. Bao ni mchezo mkubwa bila kuvishwa kanzu ya kompyuta.

Anayetafuta mila ya jozi kwelikweli aitazame ramli. Nukta huchorwa mchangani bila kuhesabiwa, kisha hutolewa mbili mbili. Zikiwa witiri huwekwa nukta moja, zikiwa shufwa mbili. Mistari ni minne, kila mmoja una hali mbili, ndiyo maana maumbo ni 16 na hakuna la 17. Hapa nafasi ina maana: nukta moja juu si sawa na nukta moja chini. Leibniz, Mjerumani aliyechapisha maelezo ya binari mwaka 1703, aliona mpangilio wa aina hiyo katika maumbo 64 ya Yi Jing, kitabu cha uaguzi cha Wachina.

Napenda hesabu hiyo; utabiri wake siutaki. Ramli chonganishi imeua vikongwe, na mwaka 2015 serikali ya Tanzania iliwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Chora maumbo, usimtafute mchawi.

Binari inalipa shilingi ngapi kwa siku?

Hiyo unayoulizia si hesabu yetu, ni “binary options”, kamari ya kubashiri bei itapanda au itashuka. Umoja wa Ulaya ulizuia kuuziwa watu wa kawaida mwaka 2018. Usitume pesa.

Bibi anatimiza miaka 70, mishumaa haienei kwenye keki.

Panga saba kwa mstari, uwashe mitatu: wa 64, wa 4 na wa 2. Minne iliyozimwa usiiondoe, inashika nafasi. Saba hiyo hiyo itatosha hata akifika miaka 127.