Bima inasema mgongo ulikuwa mbovu tangu zamani: nithibitishe vipi kuwa niliumia kazini?

Ndugu, umeeleza kwamba uliumia mgongo ukipakua magunia ghalani Mombasa, na sasa kampuni ya bima inakataa kulipa kwa kuwa picha ya MRI inaonyesha pingili zilizochakaa. Hoja hiyo haimalizi shauri. Watu wengi wa makamo wana uchakavu wa namna hiyo bila maumivu yoyote. Kwa hiyo swali la msingi si kama uchakavu ulikuwapo, bali ni kama tukio la kazini liliuzidisha hadi ukashindwa kufanya kazi.

Mwombe daktari aliyekutibu aandike ripoti inayotaja hali yako kabla ya siku ile, jinsi ulivyoumia, dalili zilipoanza, na sababu za kitabibu za kuhusisha mambo hayo. Neno “inawezekana” ni dhaifu mno. Kwa upande mwingine, hutakiwi kuthibitisha pasipo shaka yoyote kama katika kesi ya jinai. Inatosha kuonyesha kwamba uwezekano mkubwa ni kuwa kazi ndiyo iliyosababisha.

Tafuta pia kadi ya matibabu ya siku ya kwanza, kwani kama haitaji gunia wala kazi, hapo ndipo mawakili wa bima watakaposhikilia, nawe utahitaji ushahidi wa wenzako waliokuwapo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu majeraha ya kazini inataka dai liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Ikiwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ameshatoa uamuzi usioridhika nao, una siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake.