Jibu: Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni mzigo wa nani?

Ndugu yangu, umeuliza kama mpangaji wako wa Gungu, hapa Kigoma, anakuonea anapotaka kupunguza kwenye pango fedha anazokatwa kila mwezi anaponunua umeme. Kwa maoni yangu hakuonei hata kidogo. Makato hayo ni kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU, yaani mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, na mwaka 2023 kiwango chake kwa nyumba ya kawaida kilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Anayedaiwa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Mpangaji anaitanguliza tu kwa sababu ndiye anayenunua umeme. Kwa mwaka mzima zinafika shilingi 18,000, na kwa mtu anayelipia chumba kimoja hizo si fedha za kupuuzwa.

Kwa kuwa umesema wapangaji wanne wanatumia mita moja, ugomvi mkubwa zaidi utakuwa wa umeme wenyewe, maana mwenye jokofu na mwenye taa mbili hawawezi kuchangia sawa wakaridhika. Ukiweza, mfungie kila mmoja mita ndogo ya kupima matumizi yake. Mambo yote mawili, makato na umeme, yaandikwe kwenye mkataba kabla hujapokea pango la miezi sita ijayo, kila upande ubaki na nakala yenye saini, kwani shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, maandishi ndiyo yatakayokusemea.