Mjusi aliyekatika mkia mkamwandika jike

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari hapa Ujiji. Kwa ajili ya somo la tabia za wanyama, wanafunzi wangu walikamata mijusi kafiri watano kwenye kuta za bweni, tukawaweka katika tangi la kioo lililokuwa la samaki: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Juma la pili tuliwapima kwa rula kuanzia puani hadi ncha ya mkia, tukapata 12.4, 11.9, 11.2, 10.8 na 8.1. Wawili wa kwanza tukawaandika madume, watatu waliobaki majike. Sasa huyo wa 8.1, ambaye mkia wake ulikatika siku ya tatu tangu tuwaweke pamoja, anashambuliwa kila usiku na yule mkubwa kuliko wote, na ameacha kula. Mbona dume anampiga jike? Je, niwatenge madume na majike? Mwanafunzi mmoja anasema huyo mdogo ana vidoti vya njano mapajani, nikahofia ni ugonjwa.

Jibu: Mwalimu, kabla hujasoma zaidi, mtoe huyo mdogo umweke peke yake usiku wa leo. Ukimaliza, mpongeze huyo mwanafunzi wako. Vidoti alivyoviona si ugonjwa, ni vitundu vya nta ambavyo kwa aina hii ya mjusi huonekana kwa dume tu. Huyo mliyemwandika jike ni dume la pili, na ndiyo sababu anapigwa. Madume wawili mmewafungia mahali ambapo mmoja hana pa kukimbilia.

Kosa limeanzia kwenye rula. Mkia wa mjusi kafiri ni karibu nusu ya urefu wake wote, nao ni kiungo anachokiachia kwa makusudi akibanwa. Mkia huota tena, lakini ndani yake panakuwa na gegedu badala ya pingili za mfupa, na mara nyingi unatoka mfupi, wenye ngozi laini na rangi isiyofanana na ya mwili. Kwa hiyo ukipima hadi ncha ya mkia, unapima pia bahati ya mjusi huyo maishani. Sisi tunaoshughulika na watambaao tunapima mwili peke yake, kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja, kisha tunaandika mkia kwenye safu yake: mzima, umekatika, au umeota upya. Mkiwapima upya kwa njia hiyo, msishangae mwili wa huyo wa 8.1 ukikaribiana na wa yule mkubwa.

Jinsia nayo msiisome kwenye urefu. Someni tumboni. Hapo tangi la kioo linawasaidia kuliko chombo chochote cha maabara, kwa sababu mjusi atapanda kioo mwenyewe na kuwaonyesha upande wa chini bila kuguswa. Mkae nje na tochi saa mbili usiku, wakati wameanza kutembea. Mjusi wa nyumba zetu, yule ambaye wataalamu wanamwita Hemidactylus mabouia, akiwa dume utaona safu ya vitundu vyenye nta ya njano au kahawia ikipita chini ya mapaja na kukutana mbele ya tundu la haja, kama herufi V iliyopinduliwa. Nyuma ya tundu hilo, kwenye shina la mkia, dume ana vinundu viwili vilivyotuna, maana viungo vyake vya uzazi ni viwili na vinakaa humo. Jike hapo ni bapa, na mapajani hana safu ya nta. Akiwa na mayai utayaona kama madoa mawili meupe tumboni, yakipenya kwenye ngozi nyembamba. Wachanga wenye mwili wa chini ya sentimita 4 hivi msiwaandike jinsia kwa sasa, kwani vitundu vyao bado ni vya kubahatisha.

Je, dume na jike wanatofautiana kwa ukubwa? Ndiyo, lakini tofauti iko zaidi kichwani kuliko mwilini. Dume ana taya pana na shingo nene, na ukitaka kuithibitisha chukua venia kalipa, kile kifaa chenye taya mbili cha kupimia upana kwa usahihi, mpime upana wa kichwa pale palipo papana zaidi, mgawe kwa urefu wa mwili. Dume anapigana kwa kung'ata, na taya pana linabana zaidi. Kwa jike, ukubwa haumletei mayai mengi kama ilivyo kwa kobe au kinyonga, kwa kuwa mjusi kafiri hutaga mawili tu kwa mkupuo mmoja, awe mnene awe mwembamba. Ndiyo maana utakuta majike wakubwa na madume wadogo ukutani, na mtu anayetegemea jicho tu atakosea mara nyingi.

Wanafunzi wako wana mfano mzuri zaidi wa tofauti ya ukubwa palepale ziwani, ningetamani uwaonyeshe. Katika Ziwa Tanganyika yuko samaki anayeitwa Neolamprologus callipterus, ambaye dume kwa wastani ana uzito wa mara 12 hivi wa jike. Dume hukusanya makombe matupu ya konokono, akiyabeba kwa mdomo moja moja, na majike huingia ndani ya makombe hayo kutaga na kulinda mayai. Dume asipokuwa mkubwa hawezi kubeba kombe; jike asipokuwa mdogo hawezi kuingia. Hapo ukubwa umeamuliwa na kombe. Kwa mjusi wa bwenini hakuna kombe, kuna ukuta na taa yenye wadudu, na dume anapigania eneo hilo. Kila kiumbe kina sababu yake, na darasa likishaiona sababu halisahau.

Sasa makazi. Kutenga madume yote upande mmoja na majike upande mwingine, kama tunavyofanya na sungura, hakufai hapa. Madume wenyewe kwa wenyewe ndiyo hatari kubwa. Dume mmoja na majike wawili au watatu wanaweza kukaa pamoja, mradi majike wawe wanalingana kwa mwili. Mimi natumia kipimo cha theluthi mbili: mjusi ambaye mwili wake haufiki theluthi mbili ya mwili wa mwenzake hakai naye, maana jike mkubwa naye huhodhi chakula na kona nzuri, na mtoto huliwa kabisa. Kwa watano wako, kwanza hakikisheni jinsia ya huyo wa 11.9 kwa kuangalia tumboni. Akiwa dume, basi mnao madume watatu kwenye sanduku moja, na anayefuata kupoteza mkia ni yeye.

Tangi lenyewe mmelilaza vibaya. Mjusi kafiri anaishi kwenye ukuta, hana matumizi ya sakafu. Lisimamisheni wima ili sentimita 60 ziwe kimo, na ule upande uliokuwa wazi juu uwe mlango wa mbele. Fundi seremala atawatengenezea fremu nyepesi ya mbao yenye wavu wa mbu wa dirishani. Hewa itapita na unyevu hautaganda. Kabla ya kusimamisha, kagueni gundi ya pembeni isiwe imelegea. Ndani wekeni magamba ya mti, vipande vya mwanzi uliopasuliwa na trei za mayai, vyote vikiwa vimesimama na kuachana, ili anayefukuzwa aweze kupotea machoni mwa mwenzake. Maficho yazidi idadi ya mijusi kwa angalau mawili. Chakula kiwekwe sehemu mbili tofauti, la sivyo mbabe atakaa kwenye sahani.

Joto la Kigoma linawatosha, msinunue taa. Hatari yetu ni jua: kioo kikipigwa na jua la dirishani kwa muda mfupi tu, ndani panakuwa tanuri. Maji wanyunyizieni kwenye kioo jioni kwa chupa ya kupulizia, watalamba matone. Wapeni panzi wadogo, nondo, mende wachanga, na kumbikumbi msimu wake ukifika, mdudu asiwe mpana kuliko nafasi kati ya macho ya mjusi. Msikamate wadudu kwenye chumba kilichopuliziwa dawa. Majike wanaotaga wanahitaji kalsiamu. Kaangeni maganda ya mayai makavu, myatwange hadi yawe unga, mnyunyize unga huo juu ya wadudu mara mbili kwa juma.

Huyo aliyeumia mwekeeni ndoo safi yenye wavu juu, kipande cha mwanzi na karatasi ya kufutia mikono chini badala ya udongo, ili kidonda kisichafuke. Mkia ni ghala lake la mafuta, kwa hiyo amepoteza akiba; mpeni chakula kila usiku. Ndoo isiwe ya kupenya mwanga na isikae mahali anapomwona yule mkubwa, kwa sababu dume akimwona dume mwenzake kupitia kioo hatulii hata kama hawawezi kufikiana. Kidonda kikikauka na akianza kula vizuri, mrudisheni kwenye ukuta uleule alikokamatwa.

Kuna jambo la sheria pia. Mjusi ni mnyamapori hata akilala nyuma ya saa ya ukutani, na kukamata na kufuga wanyamapori kunaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Andikeni barua kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, mtaje idadi, muda mtakaokaa nao na mahali mtakapowarudishia. Wala msiione kuwa ni karaha. Kule msitu wa Kimboza, Morogoro, yuko mjusi mdogo wa mchana, Lygodactylus williamsi, ambaye dume ni buluu ya kung'aa na jike ana rangi ya kijani na shaba. Buluu hiyo ndiyo iliyomponza: alikamatwa kwa wingi kuuzwa nje kama mnyama wa kufuga, hadi akaorodheshwa miongoni mwa walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na tangu 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe pori walio hatarini.

Wanafunzi wanawe mikono kwa sabuni kila wakimaliza, kwa sababu mijusi hubeba bakteria wa salmonela. Hana sumu, wala mate yake hayaleti ukoma. Najua mtaani Ujiji watakuwa wameambiwa tofauti, kwa hiyo waeleze bila kuwacheka.

Mkikuta mayai mawili meupe yamenatia kwenye gamba la mti, msiyabandue wala kuyageuza. Chukueni gamba zima mlihamishie kwenye chombo kingine chenye wavu, likae jinsi lilivyokuwa limekaa, na msubiri kama miezi miwili. Kwenye lile tangi kubwa, watoto hao wasingemaliza usiku wao wa kwanza.