Barafu Inayoning'inia Kwenye Paa Ni Joto Ulilolilipia

Mwaka wetu wa kwanza katika nyumba hii ya Minneapolis, Marekani, barafu ilining'inia ukingoni mwa paa kama mikuki, mingine mirefu kuliko mtoto wangu mdogo. Nikapiga picha nikamtumia mama, Nakuru. Mwezi wa pili maji yakaanza kuchuruzika ukutani chumbani kwa watoto, na nje hakukuwa na tone la mvua.

Mzee jirani alinitoa nje nitazame mapaa ya mtaa. Lake lilikuwa jeupe lote. Langu lilikuwa na mabaka meusi huko juu, theluji imeyeyuka.

Hewa ya moto hupanda. Ikipata upenyo kwenye dari, hulipasha paa joto kwa ndani, na theluji inayeyuka kuanzia chini. Maji hayo yakifika ukingoni, ambako chini yake hakuna chumba chenye joto, yanaganda tena. Barafu ikishajaa pale inakuwa boma: maji yanayofuata yanakosa njia, yanarudi nyuma chini ya vigae na kuingia ndani.

Mimi nilikimbilia kuongeza sufi ya kuzuia joto lisipotee darini, na mwaka uliofuata mikuki ikarudi. Sufi peke yake haizuii hewa kupita. Ziba matundu kwanza: yanakopita mabomba na nyaya, kwenye taa za dari, na zaidi ya yote mfuniko wa kupandia darini, ambao wetu haukuwa na hata mpira wa kuzuia hewa. Penye bomba la moshi la hita usitumie povu la kawaida la kuzibia matundu. Hapo panataka bati na dawa ya kuzibia inayostahimili moto. Hakikisha feni ya bafu inatoa mvuke nje kabisa. Ndipo uongeze sufi, bila kuziba matundu ya hewa ya ukingoni, maana paa lenyewe linatakiwa libaki baridi.

Kama barafu imeshajijenga, tafadhali usipande ngazi na nyundo. Nunua reki ndefu ya paa, uvute theluji ukiwa umesimama chini, mbali na nyaya za umeme, na watoto wasicheze chini ya ukingo huo.

Vijibarafu vichache upande unaopigwa na jua visikutishe. Kagua mabaka ya paa asubuhi, siku moja au mbili baada ya theluji kuanguka, kabla jua halijalifikia paa. Na kama umepanga, piga picha ya mabaka hayo umpelekee mwenye nyumba mapema, kabla ukuta haujalowa.