Msimbo mbovu ni wa nani? Maneno kwa anayeanza kazi

Ukishaingia kwenye timu ya programu, amri moja ya Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya programu, utaizoea mapema: git blame. Unaipa faili la msimbo, yaani maandishi ya programu, nayo inakuonyesha kila mstari pamoja na jina la aliyeugusa mara ya mwisho, na tarehe. Blame ni lawama, na wengi wetu tunaitumia hivyo hivyo ilivyoitwa. Waliotengeneza Subversion, mfumo uliokuwapo kabla ya Git, waliruhusu amri kama hiyo iitwe pia praise, yaani sifa, ila sijawahi kumwona mtu akiipiga kwa jina hilo.

Mimi niliitumia kumwaibisha mtu mbele ya wenzake kwa kosa lisilo lake. Nilikuwa na miezi 4 tu kazini.

Mfumo wetu ulikuwa wa ankara. Mteja alilalamika kwamba kodi inayoandikwa kwenye ankara zake hailingani na hesabu anazopiga mwenyewe. Tofauti ni 0.01, lakini inajirudia. Nikafuatilia mpaka kwenye funksheni moja ndefu, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, mistari 300 na ushei, ambamo kodi ya kila bidhaa ilikadiriwa kwanza, yaani ilifupishwa kuwa ya desimali mbili, kisha ndipo zikajumlishwa. Chukua bidhaa 3, kila moja kodi yake 0.334. Ukikadiria moja moja unapata 0.33 mara tatu, jumla 0.99. Ukijumlisha kwanza unapata 1.002, ambayo ukiikadiria ni 1.00. Hapo hakuna hesabu iliyokosewa. Kuna kanuni mbili, na mtu alichagua moja kimyakimya.

Nikapiga git blame, likatoka jina la kaka mmoja aliyenitangulia kwa miaka mingi. Kwenye kikao cha asubuhi nikaonyesha skrini nikasema, nadhani hata kwa kicheko, "Tatizo hili hapa, na mwenyewe tunaye." Hakujibu. Kikao kilipoisha akaja mezani kwangu, akaiongezea amri yangu -w, ambayo inaiambia Git isijali mabadiliko ya nafasi tupu, akaipiga upya. Jina lake likatoweka. Alichofanya yeye ni kunyoosha nafasi za faili zima, mistari ikae sawa. Hesabu hakuigusa.

Jina lililobaki lilikuwa la mtu aliyeacha kazi zamani. Ningeweza kuridhika hapo. Utakuja kuona kwamba katika timu nyingi msimbo mbovu wote uliandikwa na watu walioondoka, kwa kuwa aliyeondoka hana wa kumtetea. Lakini kaka yule hakuniacha. Akafungua tiketi ya kazi ile, yaani ukurasa ambao timu huandikia maswali na maamuzi ya kazi, tukaisoma wote.

Siku ya kwanza mwandishi wa msimbo ule alikuwa ameuliza: "Tunakadiria kila bidhaa au jumla?" Aliyeulizwa ni mtu wa kusimamia mahitaji ya mteja. Hakuna jibu. Siku ya pili akauliza tena. Hakuna jibu. Siku ya nne ndiyo ilikuwa tarehe aliyoahidiwa mteja, na jioni hiyo mabadiliko ya mistari 1,800 yakapelekwa kwa mpigo mmoja kwa mkaguzi, mwenzake wa kuusoma msimbo kabla haujapokelewa. Dakika 3 baadaye mkaguzi akaandika neno moja: "Sawa." Chini yake meneja kaandika, "Asanteni timu, tumewahi!"

Sasa mkosaji ni nani hapo? Nimeulizwa swali hili na vijana wengi, na kila mmoja huwa ana jibu lake tayari. Wengine husema meneja, kwa sababu ya tarehe. Wengine husema mwandishi, maana vidole ni vyake. Mimi nadhani kila mmoja pale alikuwa na nafasi yake ya kusema "bado", na kila mmoja akaiacha ipite. Mwandishi deni lake ni mahususi kabisa: alikisia, na hakuacha alama yoyote kwamba anakisia. Mstari mmoja wa maelezo, "nimekadiria kila bidhaa, sijapata jibu la mahitaji", ungetuokolea miaka. Kukisia tunakisia sote. Kukisia halafu ukaandika kana kwamba unajua, hilo simsamehe mtu kwa sababu ya tarehe.

Yametokea makubwa kuliko ankara. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza, na sekunde 37 hivi baada ya injini kuu kuanza kuwashwa ikapotea njia, ikavunjika na kulipuka. Chanzo kilikuwa namba ya biti 64, kwenye mfumo wa kupima mwelekeo na mwendo wa roketi, iliyogeuzwa kuwa ya biti 16, ikawa kubwa mno kuenea humo. Msimbo ulitoka kwenye Ariane 4, ambako haukuleta shida kwa kuwa mwendo wa roketi ile haukuifikisha namba hiyo ukubwa huo. Bodi ya uchunguzi, chini ya mwanahisabati Mfaransa Jacques-Louis Lions, ilikuta kwamba vigeu 7, yaani namba zinazobadilika programu ikiendeshwa, vilikuwa hatarini; 4 vikakingwa, 3 vikaachwa ili kompyuta isipitishe kiwango cha mzigo cha asilimia 80 kilichokuwa kimewekwa. Uamuzi huo walikubaliana washirika wa mradi wa ngazi mbalimbali. Mfumo ule haukujaribiwa kwa mwendo wa Ariane 5, na sehemu hiyo ya programu kwa Ariane 5 haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuruka.

Ukiipiga git blame kwenye habari hiyo ungepata jina la mtu mmoja aliyeandika mstari sahihi kwa roketi nyingine. Lililonikaa moyoni ni jambo dogo kwenye ripoti: ndani ya msimbo wenyewe hawakukuta maelezo ya kwa nini vile 3 viliachwa bila kinga. Uamuzi ulikuwapo, watu walikubaliana, ila aliyekuja kuusoma msimbo baadaye hakuwa na pa kuuona.

Niseme sasa la upande wetu tunaoandika, maana kumlaumu meneja ni rahisi na huleta utulivu wa uongo. Miaka yangu ya mwanzo nilipoulizwa kazi itachukua muda gani nilikuwa najibu, "Siku 3, au 5 nikiandika na majaribio," yaani msimbo wa kuhakiki kwamba msimbo wenyewe unafanya kazi. Meneja akachagua 3. Kila mara. Nami nikaenda kulalamika wakati wa chakula kwamba kampuni haijali ubora. Lakini nani aliyeuweka ubora kwenye meza kama kitu cha hiari? Mimi. Meneja hajui majaribio hufanya nini ndani ya msimbo wako. Ukimwambia yanaweza kutolewa, atayatoa, na ana haki. Siku hizi nasema "siku 5" basi. Akisema ni nyingi tunazungumza kipengele gani kipunguzwe au kisogezwe mbele. Majaribio hayamo kwenye mazungumzo hayo.

Hilo lilinichukua muda mrefu kujifunza kuliko lugha yoyote ya programu.

Kuna wakati meneja ataelewa kila kitu na bado atachagua njia fupi, pengine kwa sababu nzuri usiyoijua wewe. Ward Cunningham, mwanaprogramu aliyeanzisha mwaka 1992 mfano wa kuziita njia za mkato katika programu deni, alisema deni dogo huharakisha kazi mradi lilipwe mapema kwa kuandika upya. Mfano wake siku hizi unatumika kufunika uvivu wa kila aina, lakini maana ya asili inasaidia: mkopaji anajua kwamba anakopa. Hivyo mkikubaliana kukata kona, andika kwenye tiketi: tumeacha nini, nani kaamua, kwa sababu gani, tutarudi lini. Sentensi mbili, bila hasira. Usiandike kama mtu anayejikusanyia ushahidi wa mahakamani; andika kama unayemwachia maelekezo atakayekuja kukaa kwenye kiti chako.

Ukaguzi nao. Ukiwa mgeni utaogopa kumuuliza mkubwa kuhusu msimbo wake, na mkubwa naye ataona tabu kukuambia wako haufai, hivyo nyote mtaandikiana "Sawa". Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe mgeni una silaha moja ambayo sisi wazee tumeshaipoteza, nayo ni kutoelewa. Uliza tu: "Hapa orodha ikija tupu inakuwaje?" Hujamtukana mtu. Akiwa na jibu umejifunza. Asipokuwa nalo mmeokoka wote. Na mabadiliko yakija ya mistari 1,800, omba yagawanywe. Hakuna binadamu anayeyasoma hayo yote kwa makini, na anayesema ameyasoma anakudanganya.

Kwenye usaili wa kazi, wakikupa nafasi ya kuuliza, uliza hivi: mara ya mwisho toleo liliahirishwa kwa sababu ya ubora, nani aliahirisha? Wakikutajia mtu na kisa, vizuri. Wakitazamana, hapo umeshajua nani anaweza kusema "bado" katika timu ile: hakuna. Unaweza kuichukua kazi vilevile, tumbo halina subira, lakini ingia ukijua.

Turudi kwenye ankara. Tulimpata mtu wa mahitaji, mpya naye, akamuuliza mteja, jibu likarudi siku hiyo hiyo: kadirieni jumla. Kurekebisha kulichukua nusu saa. Majaribio ya kulinda rekebisho hilo yalichukua siku nzima, kwa sababu funksheni ile ilikuwa inasoma hifadhidata katikati ya hesabu, hivyo hesabu haikujaribika peke yake. Juu ya mstari mpya nikaandika kanuni, nani kaitoa na tarehe.

Halafu nikaenda kumwomba msamaha kaka yule. Nilitegemea aseme yamekwisha. Alitazama skrini yangu kidogo, akasema: "Mdogo wangu, siku ile nanyoosha zile nafasi niliuona huo mstari. Nikajiuliza kwa nini wanakadiria mapema. Nikapita."