Maharage yanatoboka baada ya miezi miwili: nitie vidonge?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nalima maharage ekari moja na nusu huku Sengerema. Kila msimu naanika, nachanganya na majivu, nafunga kwenye salfeti. Ikifika miezi miwili tangu nivune yanatoa unga na matundu, mnunuzi anakata bei au anayakataa kabisa. Majirani wananishauri nitie vidonge. Nifanye hivyo, au niuze yote pale pale shambani?

JIBU: Marahaba mama. Vidonge usitie. Vinatoa gesi ya fosfini, na kwetu ghala mara nyingi ni chumba kinachopakana na wanapolala watoto. Gesi hiyo hupenya kwenye nyufa na inaweza kuua familia nzima usiku mmoja. Ni kazi ya mfukizaji aliyefunzwa, kwenye ghala lisilokaliwa na watu.

Hiyo miezi miwili uliyoitaja inanieleza mengi. Bungua wa maharage, yule ambaye wataalamu humwita Acanthoscelides obtectus, huanzia shambani: hutaga kwenye maganda yaliyokauka na kuanza kupasuka. Unamleta nyumbani bila kuona tundu hata moja, kwa kuwa funza yumo ndani ya punje. Kwa joto la kanda yetu, yai huwa mdudu kamili kwa mwezi mmoja na kitu. Wa kwanza hutoka wachache, kila jike hutaga makumi ya mayai, na kizazi kinachofuata ndicho kinachokutia hasara. Majivu laini, tena mengi, huwasumbua wanaotembea juu ya punje. Aliyekwisha kuingia hayamfikii.

Kwa hiyo ng'oa mapema. Maganda mengi yakishageuka njano, usingoje yakaukie shambani eti kwa sababu vijana wako kwenye pamba. Anika juu ya turubai, pura, peta, anika tena. Kupima ukavu, chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia maharage hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokauka, tikisa dakika chache kisha uiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Mimi nataka 13, kwa hiyo ongeza siku moja ya jua kali, uyaache yapoe ndipo ufungashe.

Salfeti peke yake haitoshi. Tafuta mifuko ya tabaka tatu, ile ya kinga njaa: miwili ya plastiki ndani, salfeti nje. Jaza hewa kwanza uone kama plastiki imetoboka. Ukishajaza maharage, kandamiza hewa itoke, funga kila tabaka peke yake kwa kusokota na kukunja. Wadudu waliomo watamaliza hewa na kufa. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya uwawinde, maana tundu moja linaharibu kazi yote. Usifungue kila Jumamosi kuchota mboga! Ya kula yaweke kwenye ndoo yenye kifuniko, isijae, uiviringishe mara tatu kila siku, yaani kila yapitapo masaa manane. Kinaonekana kichekesho, lakini funza mchanga huhitaji muda wa kujiegemeza ili atoboe punje, na akivurugwa kila mara hufa.

Kuhusu kuuza, siwezi kukushauri uhifadhi yote huku ada ya shule inadaiwa. Uza sehemu ya kumaliza shida za sasa, hifadhi kiasi kinachotosha mifuko uliyonayo. Usichanganye rangi: ya njano peke yake, mekundu peke yake, kwani mchanganyiko hauivi kwa pamoja na mama lishe anaujua. Dai mizani. Debe la kichwa linakunyonya kidogo kidogo, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa kisheria, usione haya kuikataa. Mkiwa majirani kadhaa mkakusanya mzigo wa gari moja, mpigieni mnunuzi wa Mwanza mjini badala ya kumngoja anayepita na pikipiki. Na akianza kuwakata bei kwa kisingizio cha foleni ya kivuko, mkumbusheni kuwa daraja la Kigongo–Busisi linapitika.